Mdomo wa Kuazima

Shemeji yangu Talib ni mtu mwema. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu sitapata nafasi ya kulisema tena kwa muda mrefu. Amekaa na dada yangu Tabia miaka thelathini, hajamnyima chakula wala nguo, hajamnyanyulia mkono, na kila alikokwenda alirudi saa aliyosema. Kitu kimoja tu alimnyima, nacho ni maneno.

Kazi yake ni redio ya bandari. Anakaa juu mnarani, Malindi ya hapa mjini, na chombo chochote kinachotaka kuingia Unguja humwita yeye, naye hukiambia kisubiri, kiingie au kipishe. Siku moja nilimpandia huko juu kumtembelea. Nahodha mmoja akamsalimu kwa bashasha, akamuuliza watoto, akamuuliza na joto la mjini. Talib akabonyeza kitufe chake: "Gati la pili. Subiri dakika kumi. Ova." Niliona haya mimi badala yake. Lakini wenzake walinambia kwamba pale hakuna anayeaminiwa kama yeye, kwamba neno la Talib halina mifupa, ni mnofu mtupu, na kwamba siku ya upepo mkali manahodha hufurahi wakisikia ni sauti yake inayowaita.

Sikatai. Siku ya upepo mkali hata mimi ningefurahi. Tatizo ni kwamba nyumbani kwake Mkunazini hakuna upepo mkali.

Dada yangu ana simu iliyojaa ujumbe wa mumewe wa miaka na miaka, na akikasirika hunifungulia nisome. "Nachelewa. Kuleni." "Samaki ghali. Mayai." Siku alipozaliwa Wakil, mtoto wao wa pekee, mimi ndiye niliyempigia Talib simu kazini. Nikamweleza uchungu ulianza saa ngapi, nani alikuwepo, mkunga alisema nini, na mtoto kachukua pua ya nani. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Nimekupata," akakata. Marehemu mama yake alikuwa akituapia kwamba Talib katika ujana wake alikuwa kasuku, akianza kuhadithia mpira watu huomba njia waende zao. Sisi tulidhani umri umemzidi bibi wa watu.

Mimi naitwa Mkubwa, ni kinyozi wa Vikokotoni, na kwangu mimi mtu akiinuka kitini amenyolewa tu, hakusikia habari hata moja ya mji, basi amedhulumiwa. Kichwa ambacho wenzangu hukimaliza kwa robo saa, mimi hukichukulia saa nzima. Wapo wateja waliohama. Sikuwafuata. Mwenye haraka ya kunyolewa ana mambo yake anayoyakimbia.

Basi mwaka jana Wakil akapata mchumba. Kijana anafanya kazi Kizimbani, kwenye miche ya mikarafuu, na huko huko akamwona Nassra, binti wa Jambiani, anayesimamia vitalu. Mama wa Nassra alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake, Bi Mwanapili, mkulima wa mwani. Wakil alimwambia mama yake, mama yake akaniambia mimi, na mimi nikawaambia watu wa Vikokotoni. Talib aliambiwa mwisho. Akasema, "Sawa."

Hapa kwetu anayetaka kuoa haendi kuposa mwenyewe. Wanakwenda wazee, na miongoni mwao huwepo msemaji, na msemaji wa ukoo wetu ni mimi. Nimekwenda posa kumi na moja. Ni moja tu iliyorudi bila jibu zuri, na hiyo ni kwa sababu bwana harusi alikuwa ameficha mke Tanga. Ukifika, wenyeji wanajua kilichokuleta, wameshapika na visheti, lakini hulisemi. Unaanza na mvua. Unakuja kwenye karafuu za mwaka huu. Unawauliza wagonjwa wao mmoja mmoja, unawarehemu maiti wa pande zote mbili, mpaka mnagundua kuwa babu yako na babu yao waliwahi kusafiri chombo kimoja. Ndipo, kikombe cha pili cha chai kikiwa nusu, unakohoa kidogo na kusema kwamba mtoto wenu anatamani kuzaliwa katika nyumba ile.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tusiseme tu tukaondoka. Huyo bibi amemlea mtoto miaka ishirini na minne. Akikuona una haraka ya kumchukua, atajua una haraka na mengine.

Siku ikapangwa, Ijumaa baada ya sala. Na Alhamisi, kwa kudra ya Mungu, likang'olewa gego langu. Ijumaa asubuhi shavu lilikuwa limeumuka mfano wa andazi na mdomo haufunguki. Nikaashiria kwa mikono kwamba safari iahirishwe. Talib akatikisa kichwa.

"Ahadi ni ahadi. Ntasema mie."

Tabia akanitazama. Na mimi nikamtazama Tabia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na la kusema na sikuweza kulisema.

Tulikwenda wanne, Talib na mimi na wazee wawili wa mtaani ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Jambiani tukapokewa na Mzee Ubwa, kaka yake Bi Mwanapili, sebuleni, juu ya mkeka mpya. Bi Mwanapili mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, na kila mtu mle alijua kuwa jibu litatoka nyuma ya pazia lile.

"Karibuni, karibuni sana wageni wetu," alisema Mzee Ubwa, akachukua birika kutumiminia. "Habari za mjini? Njia mmeionaje? Huko kwenu mvua ishaanza?"

"Salama," akasema Talib. "Mwanangu Wakil anataka kumuoa Nassra. Ana kazi, ana chumba, anasali. Mnasemaje?"

Hata kikombe cha kwanza hakijajaa. Mzee wa watu akasahau birika mkononi, chai ikafurika, ikaingia kwenye sahani ya visheti. Nikaguna kwa nguvu, nimeshika shavu. Mzee Ubwa akanipa pole ya jino, wala halikuwa jino. Wale wawili waliokuja kuitikia wakatazamana, maana hapakuwa na cha kuitikia.

"Tumesikia," akasema Mzee Ubwa taratibu. "Inshaallah tutakujibuni."

"Shukran," akasema Talib, akainuka.

Tangu kuvua viatu mpaka kuvaa viatu zilipita dakika kumi na moja. Najua kwa sababu ndani ya gari aliangalia saa yake, akanigeukia mimi mwenye uchungu wa gego na wa aibu, akasema, "Imekwenda vizuri."

Kisha Jambiani wakanyamaza. Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu yeyote aliyewahi kuposa angeusikia mshindo ule kutoka mjini. Talib hakuusikia. Kwenye redio, asiyejibu hakupata ujumbe, na dawa yake ni kuurudia. Basi akaurudia. Jumamosi baada ya adhuhuri alimpigia Mzee Ubwa: "Talib wa mjini. Jibu lipo?" Alasiri akampigia tena. Baada ya magharibi akampigia mara ya tatu, na mara hiyo, kwa mazoea ya kazi, akamalizia na "Ova." Kwenye redio asiyejibu hakusikia. Jambiani asiyejibu amesikia vizuri sana.

Wiki ya pili Wakil alikuja dukani kwangu, akaketi kwenye kiti cha kunyolea bila kutaka kunyolewa. Amekonda.

"Mjomba, Nassra anasema bibi yake hajakataa. Lakini jina langu halitajwi mle ndani. Akilianza, bibi hutoka akenda pwani."

"Atakubali tu, mwanangu."

"Asipokubali mie sioi tena. Na Nassra hawezi kumvunja bibi yake, hana mama mwingine. Nshamwambia hata mie sitaki amvunje."

Wakil si mtu wa makuu. Akisema haoi, haoi. Nilifunga duka saa nne asubuhi, nikaenda Mkunazini nikiwa nimekasirika kweli kweli, shavu limeshapona na maneno ya wiki mbili yamejaa mdomoni. Nikamkuta Talib anasoma gazeti. Nikammwagia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaliweka gazeti chini.

"Nlisema kila kitu, shemegi. Nini nlisahau?"

Nilitaka kumjibu vibaya, nikashindwa. Hakuwa anashindana nami. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu cha mwanawe. Hasira zangu zikaishia pale, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimezipanga vizuri.

Siku ya pili yake Mzee Ubwa akanipigia simu mimi. Tulizungumza dakika arobaini, na nasema kweli nilifaidi. Mvua, bei ya mwani, mguu wake, gego langu. Mwishoni akasema, "Sasa bwana Mkubwa, huyu mtu wenu ni mzima?"

"Mzima, mzee wangu. Ndivyo alivyo."

"Dada yangu anasema hivi. Mtoto wake ni mtu wa kuzungumza, kakulia katika mazungumzo, hawezi kumpeleka nyumba ya watu bubu akafa kwa upweke. Nikamwambia wewe ndiye msemaji wao na siku ile unaumwa. Akasema msemaji hataishi na Nassra, baba mkwe ndiye atakayeishi naye. Basi aje yeye. Asije na mdomo wa kuazima."

Hapo nikaogopa. Mimi ningeweza kuitengeneza posa ile kwa alasiri moja. Talib kutengeneza kitu kwa maneno ni sawa na mimi kuingiza meli gatini.

Tulimfundisha. Alikaa kwenye kiti changu, Tabia akakaa kwenye benchi la wateja akijifanya Bi Mwanapili, na mimi nikasimama nyuma na kitana. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nikamwambia, na wewe hata shingo hujaikunja. Anza na salamu. Anza na hali ya mwani. Talib akatoa kijitabu chake cha kazini, akaandika kwa mwandiko wake mdogo: Salamu, dakika tano. Mvua, mbili. Mwani, tatu. Wagonjwa, nne. Marehemu, mbili.

"Marehemu utawapa dakika mbili tu?" akauliza Tabia.

"Hawana haraka," akasema Talib.

Tulicheka mpaka mteja mmoja akachungulia. Lakini nilimwona dada yangu akijifuta macho na ncha ya kanga muda mrefu kidogo kuliko kicheko chenyewe. Miaka thelathini, na leo ndiyo mumewe anajifunza kumuuliza mtu hali yake, tena mtu wa Jambiani.

Nilimpeleka mwenyewe, siku ya bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa, maana Mzee Ubwa alisema siku hizo Bi Mwanapili yuko kwenye mwani tu, atakayemtaka amfuate huko. Tulimkuta uani kwake, chini ya banda la makuti, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba akisubiri maji yatoke. Ni mama mfupi, mkavu, mikono imechanika kwa chumvi. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akanielekeza mimi kwa kidole.

"Weye ndiye msemaji?"

"Naam, Bi Mwanapili, mie ndie, na kwa hakika—"

"Kaa pale kwenye kinu. Ukinyamaza utapata chai."

Nikakaa kwenye kinu. Talib akapewa kibao, akapewa kamba na rundo la mbegu. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa, unachukua kipande cha mwani, unakifunga kwa kijiuzi kwenye kamba, unaacha nafasi ya kiganja, unafunga kingine. Talib akaanza kufunga na kusema kwa pamoja. Hujambo Bi Mwanapili, watoto hawajambo, mvua imenyesha, mwani unaendeleaje, wagonjwa wenu wanaendeleaje, Mungu awarehemu marehemu wenu. Alipita orodha yote kwa mfuatano sahihi, hakuruka kitu. Dakika kumi na sita alizozipanga zilimchukua nne. Kisha akanyamaza, akanitazama kule kwenye kinu. Nikatazama juu, kwenye makuti.

Bi Mwanapili aliichukua kamba ya Talib, akaivuta.

"Umekaza mno. Ukikaza hivi, mwani hukatika papo hapo. Fungua hizi, uanze tena."

Talib akafungua. Akaanza tena. Wakafunga kimya, kamba nzima, wakaingia ya pili. Mimi nilikuwa nakufa pale kwenye kinu. Nilikuwa na maneno ya kuijaza ile kamba mpaka Makunduchi na kurudi.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanapili bila kuinua macho, "mbona unasema kama mtu anayefukuzwa?"

Nilidhani atajibu "Mazoea." Ndivyo alivyonijibu mimi nilipomuuliza, miaka mingi nyuma. Lakini mikono yake ilikuwa na kazi, na mama yule hakuwa anamkodolea macho, wala hakuwa na dalili ya kwenda popote. Talib akafunga kipande kimoja, akafunga cha pili.

"Kabla sijaingia bandarini," akasema, "nlikuwa mtu wa redio kwenye boti ya mizigo ya tajiri mmoja, keshakufa. Sijaoa wakati huo. Nlikuwa nasema sana, Bi Mwanapili. Nlikuwa siwezi kunyamaza."

"Ehe."

"Redio ile, mmoja akibonyeza kitufe akasema, mwengine hasikiki. Mchana mmoja nimeishika, namhadithia mwenzangu wa boti nyengine mpira wa jana. Goli moja moja. Nani kapiga, nani kapewa. Kila nikiachia kitufe nasikia kama mtu kati kati, neno halikamiliki, mie nadhani ni mawimbi. Narudi kwenye mpira wangu." Alisimama kidogo, akatafuta uzi mwengine. "Nlipomaliza nikasikia vizuri. Alikuwa Haroub, tumesoma chuo kimoja, msahafu mmoja. Maji yameshaingia kwenye mashua yao. Alinijua sauti. Akasema, 'Talib, ulikuwa unasema na nani?' Basi. Nikaita, nikaita. Tulikuwa boti ya karibu kuliko zote. Wenzake wawili tuliwakuta wameshika pipa. Yeye hatukumkuta."

Kuku walikuwa wanaparura uani.

"Wanasema isingesaidia," akaendelea. "Labda kweli. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Lakini tangu siku ile, nikitaka kusema neno lisilo na kazi, naliona limekaa juu ya mtu."

Miaka thelathini nimekula kwenye meza yake na kumcheka. Nimewachekesha watu wa Vikokotoni kwa "Nimekupata" yake mara ngapi sijui. Niliona aibu pale kwenye kinu, aibu ya kweli, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Bi Mwanapili aliweka kamba chini. Akamtazama mara ya kwanza.

"Pole, mwanangu."

"Nshapoa."

"Hujapoa. Na hapa nani anazama?"

Talib akainua uso. Akatazama uani, kweli kweli akatazama, kama mtu aliyeulizwa ahesabu waliopo. Kuku, ndoo, mimi kwenye kinu, mama mmoja mwenye rundo la mwani mapajani.

"Hapana mtu," akasema.

"Basi zungumza."

Na akazungumza. Alianza kwa kujikwaa, kama gari iliyokaa sana bila kuwashwa, kisha ikashika. Alimhadithia habari za Wakil tangu siku aliyozaliwa, na hapo nikagundua kuwa ile simu yangu alikuwa ameikumbuka yote, mkunga alivyosema, pua ya nani, saa ngapi. Alihadithia Wakil alivyougua surua, alivyopanda mbegu ya embe ndani ya kikombe cha chai cha mama yake. Bi Mwanapili akacheka, akamletea na za Nassra. Wakafika kwenye mvua wenyewe bila orodha. Mtoto wa jirani aliyeniletea chai yangu alilazimika kumruka Talib, maana Talib hakusogea.

Maji yakatoka. Wanawake wenziwe wakampitia Bi Mwanapili, wakatangulia. Akainuka na furushi la kamba, na Talib akakunja suruali, akabeba la pili, akamfuata mchangani na ndani ya maji, bado anahadithia. Nikawafuata na mimi, maana sikukatazwa kutembea. Huko vigingini, kamba za mwani zinakofungwa, mambo yakabadilika. Maji hayamsubiri mtu, na yule mama wa salamu ndefu akawa mtu mwengine kabisa. "Shika. Vuta. Funga. Kingine." Talib akawa amefika kwenye kisa cha Wakil na baiskeli.

"Sasa nyamaza," akamwambia. "Maji yanarudi."

"Nimekupata," akasema Talib, na nakuapieni alitabasamu. Walifunga kamba zote zile bila kuzidisha neno, na sijapata kuona watu wawili waliosikilizana vile.

Njiani tukirudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Tulipofika karibu na Mbweni akanambia, "La Haroub usimwambie Tabia. Ntamwambia mwenyewe." Mimi! Kinyozi! Nilikaa nalo siku tisa, vichwa vikipita mkononi mwangu na siri ile imenikaa kooni. Wateja wakaniuliza naumwa nini. Na kila jioni nikimtazama Tabia najua bado hajaambiwa. Jibu la Jambiani nalo halijaja, ila safari hii Talib hakupiga simu. Alisubiri kama watu.

Jumapili ile nilikuwa kwao kwa chakula cha mchana, kama ninavyokuwa Jumapili zote. Tabia yuko jikoni na wali wa nazi. Simu ya Talib ikalia, akaiweka spika.

"Talib?" Ilikuwa sauti ya Bi Mwanapili, na upepo nyuma yake.

Talib akajiweka sawa kitini. "Naam, Bi Mwanapili. Shikamoo. Hujambo? Watoto hawa—"

"Marahaba. Tumekubali. Njooni Ijumaa. Maji yanatoka, mie nnakwenda."

Ikakatika. Talib akabaki ameishika simu mbele ya uso wake.

"Hata hali hajaniuliza," akasema.

Nilicheka mpaka pengo la gego likauma. Tabia alisikia kutoka jikoni, akapiga vigelegele vilivyojaa uchochoro mzima, majirani wakajibu. Nikampigia Wakil, nikamwambia neno moja, na yeye akalia. Nilipogeuka, Talib hakuwepo kitini. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Tabia, hebu kaa. Nna kitu nataka kukuhadithia."

Vigelegele vikamkatikia dada yangu mdomoni. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Yaani kafa, lakini zamani. Kaa, ni kirefu."

Nikamsikia anaanza, na hakuanza na mashua. Alianza na Haroub mwenyewe, alivyokuwa akicheka, walivyokuwa wakiiba zabibu za mwalimu wao wa chuo. Nilikaa sebuleni nikisikia sauti ya mtu niliyedhani namjua. Baada ya muda harufu ya wali unaoungua ikanifikia. Nikangojea Tabia aseme kitu. Nikaenda mpaka mlangoni. Dada yangu amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mkono mmoja umeshika mwiko na mwengine umeshika mkono wa mumewe, anamtazama, machozi yanamtoka, na moshi unapanda nyuma yake.

Nilikuwa na la kusema. Wali unaungua, maneno mawili tu, hata Talib angeyapitisha. Na safari hii sikuwa na gego bovu wala sikuwa nimekatazwa na mtu. Nikaingia kwa ncha za vidole, nikaliepua sufuria, nikatoka nalo mpaka uani, nikakaa kizingitini nikala ukoko peke yangu, kimya.